Shajara ya mradi: kutoka sabufa hadi santuri za 78

Hali ya kuanzia

Chumba kina mita 4.0 kwa 3.5, dari iko mita 2.8 juu, kuta za tofali zimepigwa plasta, sakafu ni vigae. Mahali ni Dar es Salaam, umeme 230 V. Vyombo vilivyopo: sabufa yenye boksi moja la besi na spika mbili ndogo, simu iliyounganishwa kwa bluetooth, na lundo la MP3 za kupakuliwa, nyingi za 128 kbps.

Kwa bongo fleva na amapiano sabufa haina kosa kubwa. Muziki ule umechanganywa na watu wanaojua utapigwa kwenye vyombo vya aina hiyo. Tatizo linajitokeza usikilizaji unapohamia kwenye dansi la miaka ya 1970 na 1980: Morogoro Jazz, Maquis, Mlimani Park, Les Wanyika wa Nairobi. Humo magita yanapishana juu ya besi, na utamu wote uko kwenye kupishana huko. Kwenye sabufa gita la solo linasikika, besi inasikika kupita kiasi, rithim limemezwa. Sababu yake ni hii: boksi la besi limekwezwa kati ya 80 na 150 Hz, spika ndogo za inchi 3 hazina nguvu chini ya 200 Hz, na katikati kuna shimo. Nyuzi za chini za gita zimekaa humohumo: E ya chini (82 Hz), A (110) na D (147) zinafunikwa na besi iliyokwezwa, na G (196) iko shimoni.

Kanuni ya mradi imeandikwa ukurasa wa kwanza: hakinunuliwi kitu mpaka kasoro iwe na jina na isikike kwenye chombo fulani, ndani ya rekodi fulani. Kasoro ya kwanza: "rithim halipo".

Wiki ya 1: amplifaya

Imechaguliwa amplifaya ya mtumba wa Japani, 45 W kwa kila upande, yenye tundu la PHONO (la pleya ya santuri) nyuma kwa ajili ya baadaye. Kibandiko cha nyuma kinasema AC 100 V, 50/60 Hz, 140 W. Mistari hiyo isomwe kabla ya waya kuguswa. Vyombo vingi vya Japani huku hufa siku ya kwanza kwa kuchomekwa moja kwa moja kwenye 230 V: fyuzi hukatika ukiwa na bahati, usipokuwa nayo transfoma huungua.

Transfoma za kushushia umeme zinazopatikana kirahisi madukani ni za 110 V, kwa ajili ya vyombo vya Marekani. Usikubali kuambiwa ni mamoja. Umeme wa ukutani ukipanda hadi 250 V, transfoma ya 230/110 inatoa karibu 120 V, yaani asilimia 20 zaidi ya kinachotakiwa. Kapasita kubwa zenye umri wa miaka 40 hazistahimili hilo kwa muda mrefu. Inatakiwa transfoma ya 230/100. Fundi wa kusuka transfoma anaisuka. Ukubwa: chukua wati za kibandiko uzidishe mara tatu au zaidi. Kwa 140 W imesukwa ya 500 VA, na haipati joto la kutisha hata ikiwaka jioni nzima. Mbele yake kuna kifaa cha kulinda friji, kile kinachochelewesha umeme dakika kadhaa baada ya kukatika na kurudi.

Kabla ya kuwasha: kifuniko kimefunguliwa. Ndani kuna mende wakavu, mayai ya mjusi na vumbi lililogandamana na mafuta. Brashi laini kwanza, halafu blowa kwa mbali. Kinyesi cha mjusi kikiachwa kwenye bodi kinavuta unyevu na kula njia za shaba, hasa karibu na transista.

Kuwasha mara ya kwanza kumefanywa kwa balbu ya waya ya 60 W iliyofungwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu sekunde moja kisha ikafifia, salama: kapasita zilikuwa zinajaa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. Balbu ya LED haifanyi kazi hii.

Kipimo cha pili ni volti za DC kwenye matundu ya spika, bila spika, sauti ikiwa sifuri. Kushoto 18 mV, kulia 31 mV. Chini ya 50 ni sawa. Zaidi ya 100 spika zisifungwe mpaka ifanyiwe kazi. Kitufe cha sauti kilikuwa kinakwaruza. Dawa ya kusafishia kontakti, kukizungusha mara thelathini, kimenyamaza.

Wiki ya 3

Spika za muda, za mtumba, zimefungwa. Rithim limerudi. Bluetooth imeondolewa, sasa simu inapita kwenye kadi ya sauti ya nje ya USB. Tofauti kubwa imetokana na mafaili kuliko kadi: MP3 ya 128 kbps kwa kawaida imekatwa juu ya 16 kHz, na matoazi ya ngoma yanasikika kama mtu anayekanyaga karatasi. Wimbo wa dakika 4 wa namna hiyo ni karibu MB 4. Ukiwa FLAC, faili lisilopoteza kitu, ni MB 25 hivi. Bando linaisha, ndiyo.

Wiki ya 5 hadi 8: maboksi ya spika

Kasoro ya pili: besi ya gita ni mvumo tu, noti hazitofautiani. Maboksi ya muda ni membamba, ubao wa mm 9, na ukigonga ubavuni yanalia kama debe. Yanajengwa mapya.

Wufa (spika ya besi) ni ya inchi 6.5, 8 Ω, yenye Fs 40 Hz (pale koni inapotikisika yenyewe), Vas lita 30 (hewa yenye ulaini sawa na wa koni) na Qts 0.38 (Q ni kipimo cha jinsi mtikisiko unavyozimwa). Usinunue wufa ambayo muuzaji hana namba hizi tatu. Bila hizo boksi ni kubahatisha. Kwa boksi lililozibwa lenye Q ya 0.707, hesabu ni Vas gawanya kwa ((0.707/Qts)² − 1), inatoka lita 12.2, na besi inaanza kushuka kwenye 74 Hz. E ya chini ya gita la besi ni 41 Hz. Kwa hiyo limeamuliwa boksi lenye bomba: lita 25, limetyuniwa 42 Hz.

Mbao: plaiwudi ya marine ya mm 18. MDF ni rahisi kukata na haina uvungu, lakini unyevu wa pwani unaivimbisha pembeni, na ikishavimba hairudi. Vipimo vya ndani sm 22 × 27 × 45, yaani lita 26.7, toa bomba, sumaku ya wufa na ubao wa katikati wa kukaza, inabaki 25. Maboksi mawili yanatoka kwenye nusu ya shiti ya futi 8 kwa 4, ukimsimamia fundi wa msumeno na kuchora mistari mwenyewe.

Bomba ni PVC la maji taka lenye kipenyo cha ndani cha sm 7, urefu sm 21. La sm 5 lingehitaji urefu wa chini ya sm 10 tu na linavutia kwa hilo, lakini hewa inapita humo kwa kasi na besi ikiongezwa linapiga mluzi. Mdomo wa bomba umepigwa msasa kuwa wa duara.

Krosiova, yaani kigawa sauti kati ya wufa na twita (spika ya sauti za juu): kukata ni 2,500 Hz, daraja la pili. Kapasita ya 3.9 µF mbele ya twita na koili ya 1.0 mH kuvuka matundu yake. Wufa ni kinyume: koili ya 1.0 mH mbele na kapasita ya 3.9 µF kuvuka. Kwa mpangilio huu twita inafungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Ukisahau, sauti ya mwimbaji inatobolewa shimo palepale 2,500. Namba hizo za kitabuni zinadhani wufa ni 8 Ω daima, na si kweli, kwa sababu koili yake inapandisha Ω kadiri Hz zinavyopanda. Dawa ni rezista ya 7.5 Ω na kapasita ya 10 µF mfululizo, zikivuka matundu ya wufa. Twita ilikuwa kali kuliko wufa kwa dB 3: rezista ya 2.2 Ω mfululizo na ya 20 Ω kuvuka, zote za saruji za 10 W.

Kosa lililofanyika: koili mbili zimelazwa ubavu kwa ubavu, zikawa zinaambukizana. Moja imesimamishwa wima, nyingine imelazwa, sm 12 kati yao.

Wiki ya 9: noti ya F

Maboksi yameingia chumbani na besi imekuwa mbaya zaidi. Si kila noti. Mpiga besi akishuka kutoka C kwenda F ya chini, F inajaa chumba na kubaki hewani baada ya kidole kutoka kwenye uzi. G nayo inajaa, kidogo. A iko kawaida.

Chukua futi. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti inasafiri karibu mita 349.5 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba: 349.5 ÷ 8 = 43.7 Hz. F ya chini ya besi ni 43.65 Hz. Upana: 349.5 ÷ 7 = 49.9, na G ni 49.0. Dari: 62.4. Chumba chenyewe ni ngoma iliyotyuniwa F na G, na juu ya hapo maboksi yana bomba la 42 Hz linalosukuma palepale. Hesabu ya chumba ilitakiwa itangulie ya boksi.

Yamefanywa mawili. La kwanza, bomba limezibwa kwa sponji ya godoro iliyokunjwa kwa kubana. Boksi la lita 25 sasa limefungwa, Q yake imeshuka hadi 0.56. Kwenye karatasi dB 3 zinapotea tayari kufika 78 Hz, na mtu akiona namba hiyo atasema hakuna besi. Lakini mteremko ni wa taratibu, na chumba kinarudisha kile boksi linachopoteza. La pili, kochi limetolewa ukutani. Ukutani ndipo 43.7 Hz ina nguvu zote. Katikati kabisa ya chumba haipo. Kichwa cha msikilizaji kikiwa mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma, noti inapungua kwa karibu dB 8 kulinganisha na ukutani. Wenye nyumba hawapendi kochi katikati ya chumba. Sasa linasogezwa jioni na kurudishwa.

F ni noti tena. Inaanza na kuisha pamoja na kidole.

Wiki ya 11: vigae

Usikilizaji umeelekea Zanzibar. Taarabu ya Ikhwani Safaa na Culture Musical Club: fidla nyingi kwa pamoja, kanuni (chombo cha nyuzi), akodiani, nai, na mwimbaji mbele. Kasoro mpya: fidla zinachoma masikio, na maneno ya mwimbaji yanakuwa na kivuli. Ni rahisi kuilaumu twita. Piga kofi moja katikati ya chumba kwanza. Hapa lilijibu "trrr", kama kijiti kinachoburuzwa kwenye bati la mawimbi. Hiyo ni sauti inayodunda kati ya kuta mbili tupu.

Mkeka haukusaidia chochote, ni mwembamba. Pazia zito lenye mikunjo, upana wake ukiwa mara mbili ya dirisha, limesaidia. Zaidi ya hapo zimetengenezwa fremu nne za mbao, sm 60 × 120, kina sm 10, zikajazwa pamba ya magodoro ya zamani na kufunikwa khanga. Zinatundikwa sm 5 mbele ya ukuta, pale ambapo kioo kikishikwa ukutani spika inaonekana kutoka kwenye kochi. Sufi ingefaa pia kwa sauti, ila inashika moto haraka mno kwa kitu cha kuweka karibu na nyaya. Kwa besi fremu hizi hazina kazi. Chini kabisa, kwenye noti kama ile F, sauti inapita kama hazipo. Kofi sasa ni kofi.

Wiki ya 14: pleya ya santuri

Technics SL-1200MK2, ya Japani, 100 V. Inakula wati 13.5 tu, hivyo transfoma ndogo ya peke yake ya 100 VA inatosha. Imechaguliwa kwa sababu moja: mota inaendesha sahani moja kwa moja na mwendo unashikwa na kioo cha kwazi, kwa hiyo mawimbi ya umeme hayaiyumbishi. Pleya za mkanda zenye mota ya zamani ya AC ni mtego. Ikiwa puli yake ni ya eneo la Japani lenye 60 Hz, huku kwenye 50 Hz inazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na mwimbaji anakuwa kama kaamshwa usingizini.

Katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, ni Audio-Technica AT-VM95E. Waya: nyeupe chanya ya kushoto, bluu hasi yake, nyekundu chanya ya kulia, kijani hasi yake. Vuta vipini kwa koleo ndogo, kamwe usivute waya, na usilehemu kipini kikiwa kwenye katriji. Ncha ya sindano ikae mm 52 kutoka mwisho wa kichwa pale kinapoungana na mkono. Uzito: mkono uelee wenyewe, namba irudishwe sifuri, kisha izungushwe hadi gramu 2.0 na kuthibitishwa kwa mzani mdogo wa kidijitali. Ilisoma 1.84. Sindano nyepesi haihifadhi santuri kama wengi wanavyodhani; inarukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba.

Mvumo wa 50 Hz ulikuwepo hadi waya mwembamba wa pleya ulipofungwa kwenye skrubu ya GND ya amplifaya. Ukiwa umekatika ndani ya kipini, hata ukaze vipi mvumo haukomi.

Wiki ya 15

Santuri ndogo za 45 zilizonunuliwa zina ukungu mweupe. Maji yaliyochujwa kwa mvuke ml 800, pombe ya isopropili ml 200, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Brashi laini ikifuata mfereji, suuza kwa maji yaleyale bila sabuni. Chupa za "maji ya betri" zisomwe vizuri, kwani nyingine ni asidi.

Nyingi kati ya hizi ni mono, na mikwaruzo inakuja kwa nguvu tofauti kushoto na kulia. Viunganishi viwili vya Y kati ya pleya na amplifaya vinachanganya pande zote mbili kisha kuzigawa tena. Kelele inayosababishwa na sindano kupanda na kushuka inajifuta, muziki unabaki. Hakuna kitu cha bei hii kilichosaidia zaidi katika mradi mzima.

Dansi kwenye 45 mara nyingi limekatwa vipande viwili: maneno upande A, chemko upande B. Kwa kuhifadhi, pande zote zinarekodiwa 24 bit kwa 48 kHz, kilele kisizidi −6 dB, MB 17 kwa dakika, kisha zinaungwa kwenye Audacity. Pale upande A unapofifia na B unapoanza, tafuta pigo la tumba lililo kwenye vyote viwili. Likikosekana, acha ukimya wa sekunde mbili.

Wiki ya 19: 78

Hapa ndipo masikio yalipofika: rekodi za gramafoni, zile za zama za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na His Master's Voice. Zimebonyezwa kwa shelaki, gundi ngumu itokanayo na wadudu, na pombe inaiyeyusha. Mchanganyiko wa wiki ya 15 ungeziharibu kwa mfuto mmoja. Ni maji na tone la sabuni tu, haraka, lebo ikiwa kavu.

Mfereji wake ni mpana. Sindano ya LP, yenye ncha ya nusu kipenyo cha mil 0.7 (mil ni sehemu ya elfu ya inchi), inazama hadi chini na kusoma uchafu. Sindano ya mil 3 inaingia kwenye katriji ileile kwa kuchomoa na kuchomeka kwa mkono. Uzito unaoandikwa kwenye karatasi yake ni zaidi ya maradufu ya ule wa LP, namba za kwenye mkono hazifiki huko, kwa hiyo ni mzani peke yake.

MK2 haina 78. Njia: piga kwa 45 na urekebishe kwenye kompyuta. Upande wa dakika 3 unachukua dakika 5 na sekunde 12. Mpangilio wa hatua ndio unaokosewa. Tundu la PHONO limeshaweka mkunjo wa RIAA, yaani marekebisho ya besi na trebo ya santuri za LP, ambao haukuwepo zama hizo, na umewekwa kwenye mwendo usio wake. Kwanza ondoa RIAA kwa kuigeuza kinyume. Pili, badili mwendo kutoka 45 kwenda 78. Tatu, weka mkunjo wa zamani: kwa HMV za umeme za miaka ile, besi inainuliwa chini ya 250 Hz na juu haiguswi. Ukibadili mwendo kabla ya kuondoa RIAA, sauti ya mwimbaji inatoka puani na hakuna kitufe cha trebo kitakachoitibu. Mwisho, kata chini ya 70 Hz. Huko ni mngurumo wa mashine tu.

Jaribio la usiku wa jana: boksi la kulia limezimwa, la kushoto limewekwa katikati. Kwa rekodi hizi boksi moja ni bora kuliko mawili. Udi unakaa mahali pamoja, ukucha unasikika ukigusa uzi kabla ya noti. Sponji imebaki kwenye bomba. Kinachosubiri: swichi ya mono badala ya Y, na sindano ya pili ya LP, maana ya sasa inakaribia saa 300.